Serikali ikianza kulipa waliopoteza kazi, ni nyumba gani itainuka na gani itazidi kuzama?

#1 Mbao_Langalanga
Habari zenu wadau. Kuna kampuni hapa Nakuru imepunguza watu, na kati ya walioondoka wamo majirani zangu wawili. Walikuwa zamu moja, mshahara mmoja, waliajiriwa mwaka mmoja, kwa hivyo hata walichopewa mlangoni kilikuwa sawa. Leo mmoja ana pikipiki barabarani na mkewe anauza mboga kama zamani. Kwa mwingine pesa haikumaliza mwezi: karo ya watoto wawili wa bweni, mama mgonjwa kule Kuresoi, na mkopo wa sacco. Sasa anamkopa huyo wa pikipiki.

Dai langu ni hili, na mnipinge kwa mifano si kwa matusi. Siku serikali itakapoanza kumlipa Mkenya aliyepoteza kazi, pesa hiyo itamfaa aliye na kitu tayari. Asiye na kitu itampitia tu ikielekea kwa wanaomdai.

#2 Bodaboda_Njoro
Mwambie huyo wa pikipiki karibu barabarani. Siku hizi tuko wengi kuliko abiria.

#3 Kondele_Kijana
Mimi napinga kutoka upande mwingine kabisa. Lipa watu wakae, utakosa hata wa kubeba simiti. Hapa Kondele mtu akishinda elfu moja ya kubeti haonekani mjengoni wiki nzima. Sasa iwe kila mwezi, tena kutoka Hazina?

#4 Nyar_Nyalenda
Omera #3, saa nne asubuhi siku ya kazi uko hapa unatufundisha bidii. Wewe nani anakulipa?

Tuseme ukweli. Asiye na kazi Nyalenda halipwi wala hakai. Alfajiri yuko soko la Kibuye kutafuta mizigo ya kupakua, akikosa anazunguka kuulizia nguo za kufua, akikosa tena anarudi na njaa yake. Na posho ya wasio na kazi tayari ipo Kenya, ila anayeitoa ni yule mmoja wa ukoo mwenye mshahara. Kwetu ni dada yangu. Kila mwisho wa mwezi simu yake inalia kuliko ya chifu. Serikali ikimlipa kaka yetu hata kidogo, wa kwanza kupumua ni dada. Kwa hivyo Mbao, ukihesabu nani amefaidika usiishie kwenye mlango wa aliyefutwa.

#5 Wakili_wa_Mtaani
Kabla uzi haujapotea, sheria kidogo.

Katiba kifungu cha 43 inampa kila mtu haki ya hifadhi ya jamii, na ibara ya 3 inaitaka serikali isaidie wasioweza kujikimu wao na wanaowategemea. Sheria ya Usaidizi wa Jamii ya 2013 hata iliwataja wasio na ajira miongoni mwa wanaostahili. Kutajwa na kulipwa ni mambo mawili. Hakuna mfuko wowote uliowahi kumlipa mtu kila mwezi kwa sababu tu kampuni imemwacha.

Kilichopo ni cha mwajiri. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 40: ukipunguzwa kwa sababu kazi imeisha, upewe notisi ya mwezi, siku zako za likizo zilipwe, na upate mshahara wa siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka uliomaliza. Majirani wa #1 nadhani walipewa hiyo.

#6 Fundi_Kaptembwa
Wakili mimi nilifanya miaka sita mahali, nikaambiwa hakuna cha siku 15 kwa sababu nakatwa NSSF, ule mfuko wa akiba ya uzeeni. Ndiyo sheria?

#7 Wakili_wa_Mtaani
Hapana, walikuchanganyia mafaili. Kuna kiinua mgongo cha utumishi, kifungu cha 35. Hicho ndicho mwanachama wa NSSF hadai. Malipo ya kupunguzwa, ya kifungu cha 40, ni kitu kingine na NSSF haiyafuti. Swali ni barua yako ilisema nini. Ilisema umepunguzwa au ilisema mkataba umekwisha?

#8 Fundi_Kaptembwa
Barua gani? Askari wa geti alisoma majina.

#9 Mulembe_Webuye
Mulembe wote. Mbao, mfano wako ni wa nyumba mbili. Mimi nakuletea mji. Pan Paper, kile kiwanda cha karatasi hapa Webuye, ilipofunga 2009 wengi walihesabu wafanyakazi tu. Hawakuwahesabu akina sisi. Mzee wangu hakuwahi kuingia kiwandani hata siku moja, lakini alikuwa na vyumba vya kukodisha. Wapangaji waliondoka usiku, wengine waliacha vitanda. Waliokuwa na shamba kwao walirudi wakapanda mahindi na miwa, walikula. Aliyeumia ni mzaliwa wa mjini asiye na shamba, na pia mwenye nyumba, ambaye kwenye karatasi ni tajiri. Chifu angekuja na fomu ya maskini, mzee wangu angepitwa: nyumba za mawe, stima, tangi la maji. Ndani hakuna unga.

Sasa niambieni, fomu hiyo ingeona nini?

#10 Kondele_Kijana
Ingeona landilodi. Auze chumba kimoja.

#11 Mulembe_Webuye
Amuuzie nani, na mji mzima umefutwa?

#12 Mama_Duka_Shabab
Mimi naongea kwa daftari, siongei kwa katiba. Nina wateja wazee wanaopokea pesa za Inua Jamii, ule mpango wa serikali wa kusaidia wazee na wasiojiweza, ile elfu mbili kwa mwezi. Imebaki elfu mbili zaidi ya miaka kumi sasa, na kila mtu anajua bei ya unga ilikuwa wapi na iko wapi.

Kuna cucu wawili, yaani bibi wazee, nitawasema. Wa kwanza anaishi na mwanawe mwenye kazi ya kudumu. Pesa ikiingia ananunua majani ya chai, sukari kilo moja, bleki ya viatu vya wajukuu, na sabuni nzuri ya kuoga, ile ya harufu. Anaitoa mwenyewe kwenye leso, hataki mtu amsaidie kuhesabu. Hiyo elfu mbili imempa kauli ndani ya nyumba ya mkaza mwana wake, na hapo ndipo faida yake ilipo.

Wa pili anaishi na wajukuu watatu, mama yao alifariki. Kwake ni unga pakiti mbili, mafuta ya kupima ya ishirini, kiberiti, kila wiki hivyo hivyo, yote kwenye daftari. Pesa ikija anafuta deni na siku hiyo hiyo anaanza ukurasa mpya. Ikichelewa miezi, na huchelewa, mimi ndiye serikali yake. Nikifunga daftari hao watoto hawali.

Kwa hivyo Mbao umesema kweli kwamba pesa inampitia. Lakini inampitia akiwa amekula. Bila hiyo ahadi ya pesa kuja singemkopesha.

#13 Bodaboda_Njoro
Hapo mama umeongea.

#14 Kondele_Kijana
Kwa maneno mengine pesa za wazee ni za mama wa duka 😂

#15 Mama_Duka_Shabab
Na mama wa duka analipia stoki kwa mkopo. Njoo uone nani ananidai mimi.

#16 Mwanza_Igogo
Shikamooni wakubwa, wengine habari za leo. Nawafuatilia kutoka ng'ambo ya ziwa. Huku kwetu hilo fao lipo. Tangu sheria ya mifuko ya 2018, mwanachama akiachishwa kazi bila kosa lake, na amechangia angalau miezi 18, anaweza kulipwa asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita. Aliyeacha kazi mwenyewe hapati. Sasa kwa hoja ya mtoa mada: theluthi ya mshahara mkubwa inalipa kodi ya nyumba, theluthi ya mshahara mdogo hailipi hata nauli ya kutafutia kazi. Na mamantilie au machinga, ambao ndio wengi, hawamo kabisa.

#17 Bodaboda_Njoro
Nahamia Mwanza kesho. Pikipiki inaingia kwa feri?

#18 Mwanza_Igogo
Inaingia mkuu, ila ukifika utakuwa bodaboda vilevile, na fao hupati.

#19 Mbao_Langalanga
Asante ndugu wa Mwanza, hiyo namba ya theluthi ndiyo nilikuwa naitafuta bila kuijua. Huku kwetu mwenye payslip anakatwa SHIF, yaani bima ya afya, asilimia 2.75, makato ya ujenzi wa nyumba asilimia 1.5, NSSF asilimia 6. Akifutwa, NSSF inamwambia angojee uzee. Bima ya afya ndiyo ya kuchekesha: jana ilikuwa inakatwa kidogo kidogo, leo umehesabiwa mtu wa sekta isiyo rasmi na unatakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima kwa pamoja. Kiwango cha chini ni 300 kwa mwezi, yaani 3,600 mara moja, na unadaiwa mwezi ule ule uliokosa mshahara. Kwa jirani yangu wa mboga 3,600 ni stoki ya siku chache. Kwa yule mwingine ni mtoto kurudishwa nyumbani.

#20 Mwalimu_Mstaafu_Kakamega
Nawasalimu. Vijana mnajadili vizuri, lakini mmeruka jambo lililofanyika karibu nasi kabisa, Siaya.

Kati ya 2014 na 2017 shirika la GiveDirectly liligawa pesa huko, na watafiti wakafuatilia. Vijiji 653 vilikuwa kwenye utafiti, na zaidi ya nyumba 10,500 zilipewa karibu dola elfu moja kila moja, kama shilingi 87,000 za wakati huo. Waliostahili walitambuliwa kwa paa: nyumba ya nyasi inapata, nyumba ya mabati haipati. Mulembe, hilo ndilo jibu la swali lako kuhusu fomu. Fomu iliona paa.

Ajabu ni kwamba walio na mabati, ambao hawakupewa hata ndururu, matumizi yao nao yaliongezeka, kwa sababu majirani walijenga, wakanunua, wakaajiri. Watafiti walikadiria kwamba kila shilingi iliyoingia ilizaa zaidi ya shilingi mbili katika uchumi wa pale. Na bei, ambayo kila mtu aliogopa, ilipanda kwa kama asilimia 0.1 tu.

Mimi mwenyewe nina pensheni ya ualimu kwa hivyo pesa za wazee hazinihusu. Mpango wa wenye miaka 70 uliopanuliwa 2018 unatuacha nje sisi wa pensheni. Sinung'uniki. Jirani yangu aliyechunga ng'ombe za watu maisha yake yote anazihitaji kuliko mimi.

#21 Kondele_Kijana
Mwalimu heshima yako, lakini 87,000 kwa mpigo si posho. Hiyo ni mtaji. Hata mimi nipe nitajenga. Mnachanganya mambo mawili.

Halafu usisahau Homa Bay wengi walizikataa hizo pesa. Watu walisema ni za shetani, hakuna mzungu wa kukupa pesa bure.

#22 Nyar_Nyalenda
Kondele kwa mara ya kwanza umesema kitu. Kuhusu Homa Bay hawakuwa wajinga. Mashirika mangapi yamepita huko na fomu na picha, halafu hakuna kilichorudi? Ukiletewa pesa bila mkutano, bila semina, bila kofia, lazima ujiulize.

Kuhusu mtaji na posho, hilo pia walilipima huko Siaya na kwingineko Kenya. Vijiji vingine viliahidiwa kiasi kidogo cha kila mwezi kwa miaka 12, vingine miaka miwili, vingine wakapewa jumla mara moja. Baada ya miaka miwili hawakuona watu wameacha kazi kwa uvivu. Walichoona ni wengine kuacha vibarua vya watu na kufungua biashara zao. Na wale wa kidogo kidogo waliojua pesa itakuja miaka mingi waliingia kwenye chama, wakawa wanapeana zamu, ili kila mtu siku yake ashike kitita. Ndugu zetu waligeuza posho kuwa mtaji wenyewe, bila mtaalamu.

Kwa hivyo mimi nasema tatizo la jirani wa #1 si umaskini. Alipata pesa bila kujua kama kuna nyingine nyuma yake.

#23 Mulembe_Webuye
Sikubali. Tatizo lake ni idadi ya watu wanaomtegemea. Gawanya pesa ile ile kwa watu wawili na kwa saba. Hesabu ya darasa la nne.

#24 Mama_Duka_Shabab
Na mimi nasema tatizo ni nani anaishika. Huyo wa pikipiki, mke alikuwa na biashara. Ninaona kwa wateja wangu, pesa ikipitia kwa mke ambaye tayari anauza kitu hairudi nyuma. Ikipitia kwa mwanaume ambaye amezoea kuonekana ana kazi, wiki ya kwanza bado anaishi kama mtu wa mshahara. Simlaumu. Aibu ni kitu kibaya.

#25 Bodaboda_Njoro
Mama usituguse.

#26 Fundi_Kaptembwa
Mmesahau Kazi Mtaani, ile ya serikali ya kuwapa vijana vibarua mitaani. 2020 korona ilipoanza, Nakuru na Kisumu tulikuwa kaunti za kwanza kwanza. Awamu ya pili tulilipwa 455 kwa siku, wasimamizi 505, kwa zamu. Tulizibua mitaro, tukafyeka, tukajenga vyoo.

Nyumbani ilikuwa hivi. Mimi nilikuwa na mke na mtoto mmoja, ilisaidia kodi. Rafiki yangu tuliyekuwa naye kwenye mtaro mmoja aliishi kwa mamake, hana kodi hana mtoto, alinunua mashine ya kunyoa na hadi leo ana kinyozi. Mwingine, simu yake ilikuwa na deni la Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, kila pesa ikiingia inamezwa kabla hajafungua ujumbe. Aliapa anafanya kazi bure. Sisi wote 455.

Kwa hivyo #23 na #22 wote mko sawa na wote mmekosa. Ni deni. Nani alikuwa na deni kabla pesa haijafika.

#27 Mbao_Langalanga
Ndivyo nilivyosema toka mwanzo!

#28 Nyar_Nyalenda
Ulisema "asiye na kitu". Kinyozi hakuwa na kitu. Alikuwa na mama mwenye nyumba.

#29 Mbao_Langalanga
Mama mwenye nyumba si kitu?

#30 Kondele_Kijana
Hapa tunaenda kortini.

#31 Mwosha_Wazee_UK
Hamjambo nyumbani. Mimi ni mtu wa Ahero, niko Uingereza natunza wazee. Mnaposema huko ng'ambo watu wanalipwa kukaa, sikizeni. Universal Credit, ndiyo posho ya serikali ya huku, inaangalia nyumba, si mtu. Mkiwa mume na mke mnaomba pamoja, mapato ya mmoja yanapunguza ya nyumba nzima. Ukipata kibarua, kwa kila pauni unayopata juu ya kiwango fulani wanapunguza peni 55. Ukiwa na akiba inayozidi pauni 16,000 hupati. Malipo ya kwanza husubiriwa kama wiki tano, na hizo wiki tano ndizo zinazotofautisha nyumba: mwenye akiba kidogo anasubiri, asiye nayo anachukua fedha za awali ambazo baadaye zinakatwa kwenye malipo yake.

Na mimi? Viza yangu imeandikwa sina haki ya fedha za umma. Nalipa kodi na bima ya taifa kama wao. Nikifutwa leo, posho yangu ni dada wa #4.

#32 Nyar_Nyalenda
Woi nyamin. Dada wa #4 amechoka, tafuta mwingine 😅

#33 Mwalimu_Mstaafu_Kakamega
Mwosha_Wazee, hizo wiki tano zinanikumbusha cucu wa daftari wa #12. Nchi tajiri na nchi maskini, ucheleweshaji unawalemea wale wale. Ukiniuliza mimi, ningependa elfu mbili inayokuja tarehe inayojulikana kuliko elfu tatu isiyojulikana.

#34 Bodaboda_Njoro
Mwalimu mimi nipe elfu tatu, tarehe nitajua mbele ya safari.

Lakini nina jambo. Shosh wangu, bibi yangu, yuko upande wa Molo, alichuma pareto miaka na miaka, na sasa ni wa hizo pesa za wazee. Alama za vidole zimeisha. Akienda kwa ajenti mashine inamkataa. Nilimpeleka mwenyewe kwa pikipiki. Ajenti akamwambia apanguse kwa kitambaa, hapana. Akampaka mafuta ya kujipaka, hapana. Kidole gumba, cha shahada, mkono wa kushoto, hapana. Watu kwenye laini wanaguna. Tukarudi bila kitu na nauli ya mafuta ni yangu. Sasa mpaka leo sijui, hii imesaidia nyumba ipi?

#35 Mama_Duka_Shabab
Pole sana. Ulizia kwa ofisi ya ustawi wa jamii ya kaunti ndogo aandikishiwe mlezi wa kumchukulia. Mlezi anaweka kidole chake yeye. Uende na vitambulisho vyote viwili, cha mlezi na cha shosh. Ila uchague vizuri nani atakuwa mlezi, hapo ndipo ndugu hukosana.

#36 Bodaboda_Njoro
Mjomba ameshajitolea.

#37 Mama_Duka_Shabab
Huyo mwenye haraka mwogope.

#38 Kondele_Kijana
Sawa, narudi kwa swali. Bado sijaridhika kuhusu uvivu. Huko Siaya ni kijijini, mtu ana shamba la kuongezea. Mjini mtu akipata ya kodi na ya ugali atainukia nini? Nataka mfano wa mjini.

#39 Fundi_Kaptembwa
Kinyozi. Nimekupa mfano wa mjini.

#40 Kondele_Kijana
Huyo alifanya kazi mtaroni. Hakulipwa akilala.

#41 Mulembe_Webuye
Na wewe Kondele turudi #4, bado hujajibu nani anakulipa saa nne asubuhi.

#42 Kondele_Kijana
Nafanya zamu ya usiku, mzee. Kiwanda. Kibarua, mwaka wa tatu sasa, kila miezi mitatu wananipa mapumziko ya siku chache halafu nasaini upya. Juzi wametuambia tusirudi. Ndiyo maana nawasoma.

#43 Nyar_Nyalenda
Pole omera. Ungesema mapema tusingekuchokoza.

#44 Wakili_wa_Mtaani
Kondele, usilale. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira: kibarua aliyefanya kazi siku mfululizo zinazofika mwezi, au kazi isiyotarajiwa kuisha ndani ya miezi mitatu, anaweza kuhesabiwa kuwa wa mkataba wa kulipwa kwa mwezi, na haki zinafuata. Kuhusu hizo siku chache za mapumziko, mahakama hutazama hali yenyewe, kwa hivyo sikuahidi. Kusanya kila kitu: jumbe za malipo kwenye simu, kadi ya geti, taarifa ya NSSF kama walikuwa wanapeleka. Anza na ofisi ya kazi hapo Kisumu, haitozi. Wakishindwa, Mahakama ya Ajira ipo Kisumu na ipo Nakuru. Dai la ajira lina muda, miaka mitatu, usingoje iishe. Fundi, na wewe vilevile: ulitolewa mwaka gani?

#45 Fundi_Kaptembwa
2019.

#46 Wakili_wa_Mtaani
Imekupita. Pole ndugu yangu.

#47 Kondele_Kijana
Wakili nimekutumia ujumbe wa faragha. Wenzangu tuliotolewa pamoja tuko wengi, nusu wanaogopa kuandika majina wakidhani wataitwa tena.